Simu Mbili na Mayai Mia na Ishirini

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, unakula vizuri na unalala kama watu wengine. Huku hatujambo. Goti langu la kulia tumepatana baada ya kununiana mwezi mzima. La kushoto bado linaringa. Fundi cherehani wa nyumba ya pili anakusalimu, na anasema lile gauni usilifue kwa maji ya moto. Paka amenenepa mpaka naona haya kumwita paka mbele za watu.

Umeniuliza hali ya baba yako. Ukuta uko palepale, naye yuko upande wake wa ukuta. Asubuhi namsikia akikohoa, kwa hiyo yu hai. Zaidi ya hapo muulize mwenyewe.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mashine ya kutotolea vifaranga imefika, imekaa chumba cha nyuma, inaingiza mayai mia na ishirini. Kile kipimajoto ulichonitumia nimekichomeka kama ulivyoagiza, na ile programu yako imeingia kwenye simu yangu. Ina sura nzuri. Kasoro yake ni moja: nikibonyeza “Pima sasa”, simu inaganda. Haiendi mbele wala nyuma. Jana nilibonyeza, ikaganda, nikabonyeza tena, nikaendelea kubonyeza mara saba. Nikaenda kuanika nguo. Niliporudi ilikuwa imezinduka na inapima mara zote saba, moja baada ya nyingine, kama inanikomoa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikisema “imekataa” unasema “imekataaje, Shangazi?” na kabla sijajibu unaniambia mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao mbaya. Miaka thelathini na moja nimefanya kazi posta, najua ninachosema.

Mayai nayaweka tarehe kumi na tano. Fanya haraka.

Shangazi yako


14 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, wewe na goti la kulia. La kushoto nitalisalimu likiacha kuringa. Mimi sijambo. Kazini kwema. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama gereji, kwa hiyo naamka na nyundo badala ya saa. Gauni nilishalifua kwa maji ya moto. Mwambie fundi polepole.

Kosa la kuganda ni langu. Ndani ya programu kazi hupita kwenye kitu tunachokiita uzi. Uzi mkuu ndio unaochora skrini na kusikiliza kidole chako. Fikiria karani mmoja yuko dirishani, anahudumia watu. Mimi nikampa karani huyohuyo kazi ya kwenda stoo kuhesabu magunia yote ya barua kila mteja anapouliza swali. Foleni ikasimama. Wewe ulikuwa foleni.

Sasa nimeajiri mfanyakazi wa nyuma: uzi wa pili, ambao kazi yake ni kwenda kuchukua namba za joto kupitia mtandao kila robo saa, kuzipiga hesabu, na kupiga kengele joto likizidi au likipungua. Hata ukiwa umeiweka simu mfukoni. Toleo jipya litaingia lenyewe.

Nina ombi. Programu hii naiandika mara moja tu, halafu inatakiwa iende kwenye simu za aina zote mbili zinazotumika sana. Ya kwako ni ya aina moja. Baba ana ile ya aina nyingine, aliyopewa kazini alipostaafu. Ingenisaidia sana kama ungempelekea aiweke na yeye, ili nione inavyokwenda kotekote. Ni hatua arobaini tu kutoka mlangoni kwako.

Kazini kwema, kama nilivyosema.

Chiriku wako


2 Machi

Mwanangu,

Umesema kazini kwema mara mbili katika ukurasa mmoja. Hilo nimeliona na nimeliweka pembeni.

Sisi wazima. Paka ameruka juu ya kabati na kushindwa kushuka. Alikaa huko mpaka fundi cherehani akaja na ngazi. Alishushwa kama mgeni rasmi.

Programu haigandi tena. Nashukuru kwa hilo tu, maana yaliyofuata ni haya. Jumatano nilifunga kifuniko cha mashine vibaya, nikaenda kliniki kuonyesha goti. Nilikaa huko saa nne nzima, simu mkononi, kimya. Nikasema moyoni, mwanangu ameniwekea mtumishi mwaminifu, yote salama. Nikarudi nyumbani, nikaifungua programu yako nione joto. Hapo ikapiga kengele kumi na sita. Kumi na sita, Chiriku, mfululizo, kila moja ikinieleza kwamba robo saa fulani mayai yalikuwa baridi. Joto lilikuwa limeshuka hadi nyuzi thelathini na nne. Huyo mfanyakazi wako wa nyuma ni wa kusimulia misiba, si wa kuizuia. Kama ningekuwa naye posta ningemwandikia onyo.

Sijui yatatoka mangapi. Nimeyamulika kwa tochi, mengi yametulia sana.

Kuhusu zile hatua arobaini: miguu yangu inauma.

Shangazi yako


12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole sana. Nimesoma barua yako nimesimama, na nilipofika kwenye kengele ya kumi na sita nikakaa.

Mimi mzima. Gereji wameongeza nyundo ya pili. Meneja wangu, ambaye ofisi nzima tunamwita Hakuna Tatizo kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho, amenipongeza kwa viatu vyangu. Hilo ndilo jema la wiki.

Kilichotokea ni hiki. Kipimajoto kilikuwa kinahifadhi namba zote vizuri. Hakukuwa na wa kwenda kuzichukua. Mfanyakazi wa nyuma alikuwa amelazwa. Ulipoifungua programu akaamka, akakuta mrundo wa saa nne, akausoma wote kwa sauti. Simu za siku hizi zina ubahili wa betri. Programu isiyoonekana kwenye skrini huwekwa usingizini. Lakini nilikuwa nimeiomba simu ruhusa rasmi asilazwe. Hapa ofisini nina simu nane mezani, na katika zote nane anafanya kazi vizuri. Ya kwako tu ndiyo inayomuonea.

Kwa hiyo naomba uniandikie kila unachoifanyia simu hiyo. Unaichaji lini, unaiweka wapi, chochote, hata kama unaona hakina maana.

Na nimemwandikia baba mwenyewe. Amekubali kuiweka programu kwa masharti mawili: asiulizwe chochote, na asipewe habari za mayai. Alisema, namnukuu, “Hayo mayai hayanihusu.” Usimgombeze. Na kama hutaniambia mligombania nini, nitaacha kuuliza mwaka ujao.

Chiriku


26 Machi

Mwanangu,

Barua yako ilichelewa. Muhuri unaonyesha ilizunguka siku tatu pale stendi kuu bila sababu. Enzi zangu isingetokea.

Tulio hai hatujambo. Katika mayai mia na ishirini yametoka thelathini na moja. Sikulia, lakini siku hiyo sikupika. Kesho yake niliosha mashine kwa dawa, nikaweka mayai mengine mia na ishirini.

Unauliza simu naifanyia nini. Siifanyii kitu kibaya. Naichaji ikifika nusu, naiweka mfuko wa aproni, na ni safi. Simu yangu ni safi kuliko ya mtu yeyote mtaa huu.

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi. Saa tano na robo asubuhi niko jikoni nakata vitunguu, mlango ukagongwa. Mara tatu, kimya, halafu mara moja. Ugongaji huo naujua tangu nina miaka sita. Nikafungua. Baba yako amesimama kizingitini, mguu wa kulia lapa lake, mguu wa kushoto lapa la mama yako, simu ameinyoosha mbele kama askari anayeonyesha kitambulisho.

Akasema, “Joto.”

Nikasema, “Nini?”

“Joto,” akasema.

Miaka mitatu hatujasemezana, na neno la kwanza analoniletea ni hilo. Nikatoa simu yangu kwenye aproni. Kimya kabisa. Nikakimbia chumba cha nyuma kadiri goti la kushoto lilivyoniruhusu. Paka alikuwa amejilaza juu ya mashine, tumbo lote limefunika matundu ya hewa, joto nyuzi thelathini na tisa na nusu. Nikamwondoa, nikafungua kifuniko, joto likashuka. Nilipogeuka, baba yako alikuwa bado mlangoni, hajavuka kizingiti.

“Limeshuka,” nikamwambia.

“Naona,” akasema, anatazama simu. Kisha akakunja uso. “Hapa pameandikwa: Chanjo ziko hatarini, mpigie mfamasia wa zamu.”

“Chanjo gani?”

“Mimi nitajuaje? Mashine yako.”

“Programu ya mwanao.”

Akaitia simu mfukoni. Halafu akaondoka, lapa moja likilia pwaa na lingine likinyamaza.

Chiriku, hapa hakuna chanjo wala mfamasia. Kuna kuku. Nakupa nafasi ya kujieleza kwa kirefu, na safari hii usiniambie kazini kwema.

Shangazi yako


8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za gereji.

Kazini si kwema. Programu hiyo si ya mayai. Ni ya ofisini, ya kulinda majokofu ya dawa katika zahanati. Niliiandika mimi. Desemba, katika zahanati moja ya mbali, jokofu la chanjo lilishikwa na joto siku nzima na simu ya muuguzi ikakaa kimya kama ilivyokaa ya kwako. Chanjo zikatupwa. Akina mama walikuwa wamekuja kwa miguu, watoto mgongoni, wakaambiwa warudi wiki ijayo. Muuguzi akaandika barua ya malalamiko. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Hakuna Tatizo alisema hakuna tatizo, pengine muuguzi hakusikia. Nikasema kuna tatizo. Akasema basi nilitafute, nipewe mpaka mwisho wa Mei, na nisipolipata nitafute na kazi nyingine. Lakini kila nikijaribu kwenye simu za ofisini, kengele inalia. Nilihitaji simu ya mtu halisi katika nyumba halisi. Wewe ulikuwa umetoka kununua mashine. Nikabadilisha rangi, nikachora yai, nikafuta neno “jokofu” kila mahali nilipoliona. La “chanjo” lilinipita kwenye sehemu ya simu za aina ya baba.

Nilipaswa kukuambia. Niliona aibu, na niliogopa ungemwambia baba, nikakumbuka hamsemezani, nikaona basi siri ni salama. Naomba radhi kwa mayai themanini na tisa.

Jambo moja tu la kitaalamu, usilikasirikie. Nilishangaa kwamba simu ya baba ililia kwa wakati. Simu za aina ile zina tabia: zinamtazama mwenyewe. Programu anayoifungua mara nyingi, simu inaiona ni muhimu na inamwamsha mfanyakazi wake wa nyuma mara kwa mara. Isiyofunguliwa inaachwa ilale. Ili simu ya baba imwamshe kila robo saa, lazima baba awe anaifungua programu mara ishirini, thelathini kwa siku.

Nakuachia hilo.

Na unaposema simu yako ni safi, una maana gani hasa?

Chiriku


21 Aprili

Mwanangu,

Nilikasirika siku mbili. Ya kwanza kwa ajili ya mayai, ya pili kwa sababu ulifikiri ningekunyima mayai kama ungeniomba kwa ajili ya wale watoto. Siku ya tatu nilitafakari yule muuguzi, anavyofungua jokofu asubuhi na kulikuta vuguvugu, nikavaa viatu, nikahesabu. Ni hatua arobaini na tatu.

Nikagonga. Mama yako alifungua, akanitazama, akaingia ndani kuteleka chai. Baba yako alikuwa sebuleni, miwani puani, programu yako iko wazi kwenye simu. Nikamuuliza, “Kwa siku unaifungua mara ngapi?”

“Sijaifungua leo.”

“Iko wazi mkononi mwako.”

“Kidole kiliteleza.”

Nikamsomea barua yako, ile sehemu ya mara thelathini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema simu hizi zinasema uongo sana. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Tukaziweka simu mezani, ubavu kwa ubavu. Nikamwonyesha yangu ilivyo safi. Nikimaliza kuitumia, nafungua vile vidirisha vya programu zote, nafagia kimoja kimoja juu mpaka vyote vitoweke. Fundi cherehani alinifundisha: usipofagia, simu inachafuka ndani. Nafagia kila mara. Asubuhi, mchana, nikitoka msalani. Baba yako akanitazama kwa jicho la pembe. “Na huyo mfanyakazi wa mwanangu,” akasema, “huwa yuko wapi wakati unafagia?”

Chiriku, fagio lilikuwa langu. Nimekuwa nikimzoa pamoja na takataka.

Tukafanya majaribio. Baba yako aliwahi kuwa mkaguzi wa mizani, hakubali kitu bila kukipima mara tatu. Siku ya kwanza simu yangu hatukuifagia, nikafungua kifuniko makusudi kidogo: kengele ikalia. Siku ya pili tukafagia: kimya. Siku ya tatu tukafagia huku imechomekwa kwenye chaji: ikalia. Yeye ndiye aliyegundua hilo la chaji, na amelisema mara nyingi tangu hapo. Saa zote ziko kwenye karatasi niliyoambatanisha, mwandiko ni wake. Mayai yako salama. Yale ya awamu ya pili yametoka tisini na saba, na haya ya majaribio ni ya awamu ya tatu, tuliyafungulia dakika chache tu.

Sasa nikueleze tuligombania nini, maana utaniuliza mpaka nizikwe. Kwenye sherehe yangu ya kustaafu baba yako alisimama na kipaza sauti, mbele ya posta nzima, akasema dada yangu ni hodari kwa kila kitu isipokuwa kuendesha gari, mtihani wa leseni amefeli mara sita. Watu wakacheka, na bosi wangu akacheka mpaka akaegemea keki. Sikuwahi kumwambia mtu. Nikaacha kusema naye usiku ule.

Siku ya pili ya majaribio, tunangoja kengele, nikamwambia: “Ulinidhalilisha. Mara sita, mbele ya watu.”

Akajibu bila kuinua macho. “Zilikuwa saba. Nilikupunguzia.”

Nikamfukuza. Kesho yake saa nne alikuwa mlangoni na simu yake, anasema siku ya tatu haiwezi kurukwa, majaribio yataharibika. Nikamwingiza. Zilikuwa saba kweli.

Shangazi yako


5 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee mkaguzi wa mizani. Karatasi yenu nimeinakili, nimeiweka kwenye bahasha ya plastiki.

Mmenipa kile ambacho simu nane na miezi minne hazikunipa. Simu nyingi ukizifagia zinafunga dirisha tu. Mfanyakazi wa nyuma anaendelea na kazi yake. Ya kwako, kwa jinsi walivyoitengeneza ili betri idumu, inamfukuza naye, labda iwe kwenye chaji. Na hapa ofisini simu zote nane ziko kwenye chaji tangu zinunuliwe. Hakuna aliyewahi kuzichomoa. Nikampigia yule muuguzi. Nikamuuliza, dada, simu ya zahanati huwa unaifagia? Akasema, “Kila nikimaliza zamu, tumefundishwa usafi.” Nikamwambia si kosa lake, programu inayokufa kwa kufagiwa ni programu mbovu, na aliyeiandika ni mimi. Akasema asante kwa kupiga.

Jumatatu kulikuwa na kikao. Nilibeba simu zote nane kwenye trei ya chai, nikazipanga mbele ya Hakuna Tatizo, zimo kwenye chaji, nikapandisha joto la jokofu la ofisi. Zikalia zote. Akatabasamu. Nikazichomoa, nikazifagia moja moja, nikapandisha joto tena. Tukangoja robo saa. Tano zililia. Tatu zilikaa kimya, na moja ya hizo tatu ni ya aina ileile iliyogawiwa zahanati. Akasema, “Hakuna…” akaishia hapo. Ofisi nzima ilisikia alivyoishia hapo.

Nimerekebisha hivi. Kwenye simu kama yako, mfanyakazi sasa anavaa kitambulisho: utaona maandishi madogo juu ya skrini, “Niko zamu, naangalia mayai.” Yakiwepo, simu haimgusi hata ukifagia. Kwenye simu kama ya baba, hatutegemei tena simu iende kuchukua namba. Kompyuta yetu kubwa ya ofisini ndiyo inayozipokea na kupiga kengele yenyewe, mwenye simu afungue programu au asifungue. Zahanati zote zimepata toleo jipya wiki hii.

Na mkataba nimepewa, wa kudumu. Hakuna Tatizo aliniletea mwenyewe, na akasifu tena viatu. Ni viatu vingine.

Kwa hiyo kazi imekwisha. Mwambie baba anaweza kuifuta programu na kupumzika. Mmenisaidia kuliko ninavyoweza kuandika.

Chiriku


19 Mei

Mwanangu,

Hongera sana. Niliisoma barua yako kwa sauti mara mbili, mara moja kila upande wa ukuta. Mama yako alilia kidogo. Baba yako alisema lile la chaji ndilo lililokuokoa.

Hatujambo. Awamu ya tatu wametoka mia na wanne, na mayai mengine nimeshaweka. Wanapiga kelele kiasi kwamba paka amehamia kwa fundi cherehani.

Lakini Chiriku, usiseme kazi imekwisha. Sipendi kukuharibia furaha, ila programu bado ina kasoro. Kengele ya simu yangu siku hizi inaruka. Mara inalia, mara hailii. Sijui nielezeje, ni kitu cha kitaalamu. Nimeona heri simu mbili ziendelee kuwa mezani pamoja, maana hii moja siiamini. Baba yako anakuja saa nne, tunazitazama mpaka saa sita hivi, na anakunywa chai. Usimwambie kwamba nimekuandikia, atadhani nalalamika. Na usiharakishe kurekebisha. Kazi ya haraka ndiyo iliyotufikisha kwenye yale mayai themanini na tisa.

Shangazi yako


31 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wasalimie wote mia na wanne. Gereji wamehama; sasa naamka nimechelewa.

Nimeichukulia barua yako kwa uzito unaostahili. Toleo jipya linaniletea kumbukumbu za kila linalofanywa na kengele, dakika kwa dakika, nami nimekaa nazo asubuhi nzima. Mfanyakazi wa nyuma hajaruka hata robo saa moja tangu tarehe sita. Isipokuwa Jumanne tarehe kumi na mbili, saa tatu na dakika hamsini na mbili, kengele kwenye simu yako ilizimwa. Haikuzimwa na simu. Ilizimwa kwa kidole, na iliwashwa tena saa sita na dakika tano. Jumatano vilevile. Alhamisi vilevile.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia jibu la kukucheka ndipo ikafika bahasha ya pili. Ni ya baba. Hajawahi kuniandikia barua maishani. Ina mistari minne. Anasema kengele ya simu yake siku hizi inaruka, ni kitu cha kitaalamu, ameona heri aendelee kuipeleka kwako kila siku ilinganishwe, na nisikuambie, utadhani analalamika. Nikafungua kumbukumbu za simu yake. Jumanne tarehe kumi na mbili, saa tatu na dakika hamsini na tano. Kwa kidole.

Kwa hiyo majibu yangu kwa wote wawili ni haya, na nayaandika kama mtaalamu mwenye mkataba wa kudumu. Tatizo hili ni zito. Sijapata kuliona kwingine. Halitengenezeki kwa mbali na halitengenezeki mwaka huu. Naomba simu hizo zisitenganishwe, uchunguzi ufanyike kila siku kuanzia saa nne, na mnitumie taarifa kwa maandishi.

Mtengenezaji wenu,
Chiriku